Ushuru Ambao Watu Waliuomba Wenyewe

Wasee, leo tuanze na risiti.

Ukiingia duka lolote katika jimbo la Missouri, kule katikati ya Marekani, ununue viatu au sabuni, serikali ya jimbo inakukata ushuru wa mauzo wa asilimia 4.225. Miji na kaunti nazo huongeza zao juu yake, lakini hizo tuziache kando. Iangalie tu hiyo nambari. 4.225. Kwani walishindwa kusema 4 kamili? Hicho kipande cha .225 kimetoka wapi?

Hicho kipande ndicho stori yetu ya leo. Asilimia 0.125 inaenda kwa wanyamapori, samaki na misitu. Asilimia 0.1 inaenda kwa mbuga za jimbo na kwa udongo wa mashamba. Na kitu kilichonishtua nilipoanza kusoma historia yake ni hiki: hakuna gavana aliyeamka asubuhi akawabandika watu ushuru huo. Raia wenyewe waliupigia kura. Ule wa wanyamapori ndio zaidi, maana walizunguka wakikusanya sahihi za kuuomba.

Soma hiyo tena ukikumbuka Juni 2024, wakati vijana wa rika langu walijaa barabarani kukataa Mswada wa Fedha. Sisi tulikuwa tunasema tumechoka kutozwa. Wale walisema, tutozeni. Hatuwezi kusema Wamarekani wanapenda ushuru kutushinda, kwa sababu nao huuchukia vizuri sana. Lazima kulikuwa na kitu kingine. Ebu tukitafute.

Kwanza tupige hesabu ili tusitishane. Ukinunua kitu cha dola 8 Missouri, senti moja inaenda kwa wanyamapori. Ukinunua cha dola 10, senti nyingine moja inaenda kwa mbuga na udongo. Kwa pesa zetu, bidhaa ya shilingi 1,000 ingekatwa shilingi moja na senti 25 za wanyamapori, na shilingi moja ya mbuga na udongo. VAT yetu kwa bidhaa hiyohiyo ni shilingi 160. Yaani tunazungumzia pesa ambazo hata hungeinama kuziokota. Lakini ile ya wanyamapori peke yake inaingiza zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Ndio maana wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

Jimbo lililomaliza kila kitu

Miaka mia moja na kitu iliyopita, Missouri ilikuwa imejimaliza. Kusini mwa jimbo kuna milima ya Ozark, na milima hiyo ilikuwa imejaa misonobari. Kampuni za mbao zikaja na reli. Katika mji mdogo uitwao Grandin palijengwa kiwanda cha mbao kilichokuwa miongoni mwa vikubwa zaidi Marekani nzima. Miti ikaanguka mwaka baada ya mwaka, na kufikia 1909 hapakuwa na miti ya maana iliyobaki, kiwanda kikafungwa, kampuni ikaenda zake. Watu waliobaki walichoma vilima kila msimu wa kuchipua ili mifugo ipate nyasi. Mvua ikija, udongo na kokoto vinateremka hadi mitoni. Mito iliyokuwa na maji marefu ikajaa mawe.

Wanyama nao wakaenda njia hiyohiyo. Kulungu wa kule, wale wenye mkia mweupe, walikadiriwa kuwa 400 tu jimbo zima mwaka wa 1925. Mia nne, katika jimbo lenye kaunti 114. Bata mzinga wa porini, ambao ni fahari yao, walikuwa wamebaki vikundi vidogo vilivyojificha ndani kabisa ya Ozark.

Na usidhani hapakuwa na serikali. Kulikuwa na idara ya wanyama na samaki. Kulikuwa na leseni za uwindaji na kulikuwa na askari wa wanyamapori. Shida ni kwamba kazi hizo zilikuwa zawadi za siasa. Gavana akibadilika, mkuu wa idara anabadilika, na askari wanabadilika naye. Ukimfanyia mheshimiwa kampeni, unapewa beji. Kama unajua kulungu anakula nini au hujui, hilo halikuwa swali la mahojiano. Mwindaji analipa leseni yake, lakini pesa yake inaishia kulisha mtandao wa watu. Nikifika hapa huwa nacheka peke yangu, kwa sababu ni kama nasoma habari za nyumbani.

Mkutano wa Tiger Hotel

Mwezi wa Septemba 1935, wawindaji na wavuvi kutoka pembe mbalimbali za jimbo walikutana katika Tiger Hotel, mji wa Columbia. Kumbuka huo ulikuwa wakati wa njaa ya kazi, ule mdororo mkubwa wa uchumi. Watu walikuwa na shida zao za kutosha. Lakini mfanyabiashara mmoja wa Columbia, E. Sydney Stephens, pamoja na wenzake, walikuwa wameamua kwamba kuomba sheria nyingine bungeni ni kupoteza wakati. Sheria ambayo bunge hili limepitisha, bunge lijalo linaweza kuifuta. Wakasema dawa ni katiba.

Wakaunda shirikisho la raia, wakatembeza karatasi za sahihi, na tarehe 3 Novemba 1936 watu wa Missouri wakapiga kura. Waliosema ndiyo walikuwa zaidi ya 870,000. Waliosema hapana walikuwa takriban 350,000. Kwa kila hapana mbili, kulikuwa na ndiyo karibu tano.

Sasa walipitisha nini? Hapa ndipo ujanja wote ulipo, kwa hivyo tusipite haraka.

Moja, waliunda tume ya uhifadhi yenye makamishna wanne. Gavana anawateua na Seneti inawaidhinisha, lakini si zaidi ya wawili wanaoruhusiwa kutoka chama kimoja. Wanakaa miaka sita, na vipindi vyao vimepishana, kwa hivyo gavana mpya hawezi kuingia na kufagia meza nzima kwa siku moja. Na hawalipwi mshahara. Mbili, tume hiyo ndiyo inaajiri mkurugenzi, na mkurugenzi ndiye anaajiri wafanyakazi. Mambo ya beji za kampeni yakaisha. Tatu, na hili ndilo la maana kwetu leo: pesa zote zinazotokana na wanyamapori, samaki na misitu, zikiwemo za leseni, zitatumika kwa kazi hiyo tu. Katiba yenyewe ndiyo imesema hivyo. Huwezi kuzichukua ukalipia deni lingine.

Kwa lugha ya kwetu, waliifungia pesa kwenye kibuyu, wakakizika kibuyu ndani ya katiba.

Tume ilianza kazi Julai 1937. Mkurugenzi wa kwanza, Irwin T. Bode, hakuwa hata mtu wa Missouri. Alitoka Iowa, jimbo jirani. Mwaka huohuo serikali ya shirikisho kule Washington ilipitisha sheria ya Pittman-Robertson, iliyosema ushuru wa bunduki na risasi ugawiwe majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Jimbo linatoa robo ya gharama ya mradi, Washington inatoa robo tatu. Lakini kulikuwa na sharti: jimbo linaloruhusu pesa za leseni za uwindaji zipelekwe kwingine halipati kitu. Missouri ilikuwa imeshafunga mlango huo mwaka mmoja mapema.

Halafu kukaja kazi ya kuchosha ambayo haina picha nzuri za kuweka mtandaoni. Walifunga uwindaji wa kulungu kuanzia 1938. Wakanunua na kuhamisha kulungu wachache waliokuwepo, wakawapeleka sehemu zilizobaki tupu. Wakawalinda. Mwaka wa 1944 uwindaji ukafunguliwa tena kwa siku chache. Bata mzinga walichukua muda zaidi. Miaka ya 1950 wakaanza kuwanasa kwa nyavu na kuwahamisha kaunti hadi kaunti, na mwaka wa 1960 watu wakaruhusiwa kuwinda tena. Mtu aliyelipa leseni mwaka wa 1937 akiwa kijana aliona kwa macho yake, akiwa mzee, wanyama ambao babake hakuwaona. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Senti moja kwa soda

Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, mfumo ulikuwa unafanya kazi lakini ulikuwa na ufa. Pesa zote zilitoka kwa watu wawili: mwindaji na mvuvi. Na pesa ikitoka kwa mwindaji, akili ya idara nayo inamfuata mwindaji. Kulungu anapata mradi. Bata mzinga anapata mradi. Lakini chura je? Ndege mdogo asiyeliwa je? Maua ya mbuga za nyasi ambazo zilikuwa karibu kuisha? Mama anayeishi ghorofani St. Louis, ambaye hajawahi kushika bunduki lakini angependa watoto wake waone msitu, yuko wapi kwenye hesabu hiyo?

Tume ikafanya jambo ambalo taasisi nyingi haziwezi. Iliita watu watatu kutoka nje, wakiongozwa na Starker Leopold, mtaalamu wa wanyamapori kutoka California, ikawaambia, tukagueni. Ripoti yao ya 1970 ilisifu kazi, lakini ikasema wazi kwamba uhifadhi ni wa watu wote, si wa wenye bunduki tu, na kwamba hiyo inahitaji pesa za watu wote. Mwaka uliofuata tume ikatoa mpango ulioandikwa, ikaeleza nini kitanunuliwa na kwa nini: ardhi ambayo umma utaingia bila kuzuiwa, vituo vya mazingira karibu na miji, utafiti, kazi ya mimea na wanyama wasiowindwa. Ulikuwa kama orodha ya sokoni. Mnatupa pesa, tutawaletea hivi.

Pesa zenyewe zitoke wapi? Wazo la kwanza lilikuwa soda. Kweli kabisa. Senti moja kwa kila chupa ya soda. Watu wakakusanya sahihi, wakafikisha idadi, halafu ombi lote likaanguka kwa sababu ya kasoro ya kisheria katika maneno ya zile karatasi. Sisi ambao tuliona BBI ikizunguka nchi nzima na sahihi zake kisha ikaangushwa mahakamani, hiyo picha tunaijua.

Wangeweza kwenda nyumbani. Hawakwenda. Waliandika upya, na safari hii wakaacha soda wakachukua ushuru wa mauzo: sehemu moja ya nane ya asilimia moja. Raia wa kujitolea wakasimama tena nje ya maduka na viwanja vya michezo, wakapata sahihi zaidi ya 200,000. Tarehe 2 Novemba 1976 kura ikapigwa. Ilipita, lakini padogo sana. Ndiyo ilizidi nusu kwa chini ya asilimia moja. Ushuru ukaanza kukatwa Julai 1977. Hauna tarehe ya kuisha.

Mwaka huohuo wa 1977, huku kwetu, Wangari Maathai alianzisha kazi ya kupanda miti iliyokuja kuitwa Green Belt Movement. Na si mgeni kabisa katika stori hii. Shahada yake ya kwanza aliisomea Atchison, mji mdogo wa Kansas ulio ukingoni mwa mto Missouri. Ukivuka daraja la hapo, umeingia jimbo la Missouri. Alimaliza masomo hapo mwaka wa 1964. Sisemi walifundishana. Nasema tu mto ni mmoja, na swali lilikuwa moja: nani atalipia mti ambao hautamlipa yeye mwenyewe?

Walileta walichoahidi?

Huu ndio mtihani. Mtu akikuomba pesa na orodha mkononi, baada ya miaka unamuuliza orodha iko wapi.

Ardhi ilinunuliwa. Leo tume inamiliki au kusimamia karibu ekari milioni moja, na sehemu kubwa unaingia bila tiketi. Vituo vya mazingira vilijengwa karibu na miji: Burr Oak Woods karibu na Kansas City kilifunguliwa 1982, na Powder Valley karibu na St. Louis kikafuata 1991. Fisi maji, ambao walikuwa karibu kuisha, walirudishwa kuanzia 1982. Mwaka wa 2011 wakaleta elki kutoka Kentucky, wanyama ambao walikuwa wametoweka jimboni zaidi ya miaka mia. Kulungu sasa ni zaidi ya milioni moja, hadi imekuwa shida nyingine, tutafika huko. Gazeti lao la kila mwezi, Missouri Conservationist, lililoanza 1938, hutumwa bure kwa nyumba yoyote ya Missouri inayoliomba. Mtu anayelipa senti moja yake anaweza kuona imefanya nini.

Zaidi ya nusu ya bajeti ya uhifadhi wa wanyamapori Missouri sasa inatoka kwa ule ushuru. Leseni na pesa za Washington zinajaza sehemu kubwa ya iliyobaki. Kwa hivyo watu wakiacha kuwinda, kama wanavyoendelea kuacha kote Marekani, chura wa Missouri halali njaa.

Udongo nao ulikuwa unaondoka

Sasa ile asilimia 0.1. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Missouri ilikuwa miongoni mwa majimbo yanayopoteza udongo kwa kasi zaidi nchini Marekani. Mashamba ya mahindi na soya yalikuwa yanateremka mtoni kila mvua. Wakati huohuo mbuga za jimbo zilikuwa zimechakaa, vyoo vimevunjika, barabara mbovu. Hizi ni kazi za idara nyingine, ile ya maliasili, iliyoundwa 1974.

Wakaunganisha shida mbili ambazo hazifanani. Mtu wa mjini anataka mbuga. Mkulima anataka udongo. Kila mmoja peke yake hana kura za kutosha. Basi wapigie kura pamoja, nusu kwa nusu. Mwaka wa 1984 ilipita kwa tofauti ndogo.

Nusu ya udongo haikukaa makao makuu. Kila kaunti ina wilaya yake ya udongo na maji, na bodi yake huchaguliwa na wenye mashamba wenyewe. Mkulima akitaka kujenga matuta, kama yale ya Machakos, au kupanda nyasi kwenye mkondo wa maji, au kuweka uzio ng'ombe wasikanyage kingo za mto, mfuko unamlipia sehemu kubwa na yeye anatoa iliyobaki. Nusu ya mbuga ndiyo sababu Missouri haitozi kiingilio katika mbuga zake za jimbo. Unaingia tu, ukilipa ni kwa kulala kambini na mambo kama hayo. Unaweza kuendesha baiskeli kwenye Katy Trail, njia ya zaidi ya kilomita 380 iliyowekwa juu ya reli ya zamani, na hakuna mtu atakusimamisha getini.

Lakini ushuru huu ulipewa kitu ambacho ule wa kwanza hauna: tarehe ya kuisha. Ukifika mwisho, unarudi kwa raia, raia wanaamua. Wameurudisha 1988, 1996, 2006 na 2016. Sasa angalia kinachotokea. Mwaka wa 1984 ulipita kwa shida. Mwaka wa 2006 ulipata zaidi ya asilimia 70. Mwaka wa 2016, katika jimbo ambalo siku za karibuni linapigia kura wanasiasa wanaopinga ushuru, ulipata takriban asilimia 80.

Ushuru ambao ukikaa unapendwa zaidi. Niambie mwingine unaoujua.

Usiuze hii stori kama peponi

Siwezi kuwaachia hadithi tamu bila chumvi. Ushuru wa mauzo unamuumiza maskini kuliko tajiri, hilo ni hesabu tu, kwa sababu maskini anatumia karibu kila senti anayopata dukani. Na hata chakula hakikusamehewa. Mwaka wa 1997 Missouri iliondoa asilimia 3 ya ushuru wake kwenye vyakula vya nyumbani, lakini ile 1 ya elimu na ile .225 ya mazingira zikabaki. Mama mboga wa kule bado analipia elki kila akinunua mkate, na huenda hatawahi kumwona huyo elki. Mimi naona hilo ni deni ambalo Missouri haijalipa.

Wakulima nao wanalalamika. Kulungu milioni moja wanakula soya na wanagongwa na magari usiku. Kaunti nyingine zinasema ardhi ikinunuliwa na tume, wao wanapoteza ushuru wa ardhi. Na wanasiasa hawajawahi kulala. Wanaona pesa nyingi ambazo hawawezi kuzigawa, na wanakuja na mapendekezo, ati tume ipunguzwe nguvu, ati mfuko upunguzwe. Ugomvi kati ya bunge na tume juu ya nani ana usemi wa mwisho kwenye matumizi ulifika hadi Mahakama ya Juu ya Missouri, na mwaka wa 2021 mahakama ikaipa tume ushindi. Miaka 85 baada ya ile kura ya 1936, maneno yaleyale ya katiba ndiyo yalisimama mlangoni.

Majimbo mengine yaliiga. Arkansas walipitisha moja ya nane yao mwaka wa 1996. Minnesota walipitisha sehemu tatu za nane za asilimia mwaka wa 2008, za maji, misitu, mbuga na sanaa.

Halafu kuna Iowa, jimbo alikotoka yule Bode. Mwaka wa 2010 watu wa Iowa walipiga kura kuweka mfuko wa maliasili ndani ya katiba yao. Asilimia 63 walisema ndiyo. Lakini mfuko uliandikwa kwamba utapata pesa siku bunge litakapopandisha ushuru wa mauzo. Bunge halijapandisha. Hadi leo ninapoandika, mfuko upo, umeandikwa vizuri, una jina zuri, na hauna kitu ndani. Iowa wana kibuyu bila maji. Kura yao ilikuwa kubwa kuliko ile ya Missouri ya 1976, na haikuzaa hata senti moja. Kwa hivyo usiniambie ni idadi ya kura tu.

Ni mpangilio wa mambo

Hapa ndipo nilipofika baada ya kuisoma historia hii mwezi mzima. Missouri hawakuanza na ushuru. Walianza kwa kuifunga ile pesa ndogo waliyokuwa nayo tayari, pesa ya leseni, mahali ambapo mkono wa mwanasiasa haufiki. Halafu wakakaa miaka 40. Arobaini! Kutoka 1936 hadi 1976. Katika miaka hiyo watu waliona kulungu wakirudi. Waliona bata mzinga wakirudi. Ndipo tume ikathubutu kusema, tuongezeeni. Na hata hapo, baada ya ushahidi wote huo, walipita kwa chupuchupu. Fikiria wangeomba 1936.

Serikali zetu hufanya kinyume. Ushuru unakuja kwanza, imani utajitafutia mwenyewe. Mwezi wa kwanza unakatwa, mwezi wa sita unaanza kuuliza pesa iko wapi, mwaka wa pili unaambiwa kesi iko mahakamani. Ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ilikuja hivyo. Ile ya mafuta ya kutengeneza barabara ilifungiwa kwa sheria, na bado kila mwaka wabunge na magavana wanaivuta kama kamba. Wengi wetu tungetoa shilingi moja na senti 25 kwa kila elfu ili mto wa nyumbani urudi kuwa mto. Mimi ningetoa. Mto ambao shosho yangu alichota maji akiwa msichana, mimi nimeuvuka bila kulowesha viatu. Lakini ningetaka kujua kibuyu kiko wapi, nani ana kifuniko, na baada ya miaka mingapi tutaulizwa tena.

Kuna mtu ataandika hapa chini kwamba Kenya si Marekani. Ni kweli, ndugu yangu. Lakini Missouri ya 1935 ilikuwa na misitu iliyokatwa, mito iliyojaa mawe, na askari wa wanyamapori waliopewa kazi kwa sababu walipiga kampeni. Watu waliokutana Tiger Hotel hawakuwa na nchi bora kutushinda. Walikuwa na hasira kama yetu, wakaikalisha chini, wakaiandika, wakaipeleka kwenye kura.

Sisi hasira tunayo. Swali langu kwenu leo ni moja tu, na nataka majibu ya kweli, si matusi: ni pesa gani ndogo, ambayo tayari tunalipa, ambayo tungeanza kwa kuifunga?